Sura ya 5: Ng'ombe Anayerudi Nyumbani

Mwishoni mwa Oktoba, mvua haijaanguka bado lakini mawingu yameanza kupita, mzee mmoja anatoka Kinyangiri alfajiri akimswaga maksai wake kwenda mnadani. Maksai ni dume aliyehasiwa, na huku Mkalama ndiye mvuta plau. Saa nne asubuhi mchuuzi kijana anamzunguka mnyama mara mbili, anambonyeza kiunoni, kisha anamgeukia mwenye mali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu nakupa laki nane."

"Hapana."

"Haya, nane na nusu. Tusichoshane."

Mzee anacheka huku anakunja kamba mkononi. "Umemwona vizuri, mwanangu. Ndiyo bei yake." Alasiri maksai anaonekana njiani, anarudi alikotoka.

Katikati ya Januari jirani yake anafika mnada uleule na ng'ombe wawili waliokonda. Anataja bei, inakatwa. Anataja nyingine, inakatwa tena. Kabla ya saa sita ameshahesabu noti na ng'ombe wameshapakiwa kwenye lori.

Wawili hawa ni watu wa mfano, lakini ukikaa mnadani siku mbili tatu utawakuta, na utakutana pia na swali ambalo watu wa mjini, maofisa na hata watoto wa wafugaji hawaachi kuliuliza: kwa nini mfugaji anakataa kuuza bei ikiwa nzuri, halafu anauza bei ikiwa mbaya?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mfugaji anapenda ng'ombe kuliko hela. Sura hii inatafuta jibu jingine kwa kufuata hesabu anazozifanya yeye mwenyewe, zizini na mnadani.

## Ng'ombe mmoja, kazi tatu

Kinyangiri ni kata ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyopatikana 2012 Iramba ilipogawanywa. Ni nchi ya masika moja: mvua huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kisha ukavu hadi mwisho wa mwaka. Mtu wa hapa ni mkulima na mfugaji kwa pamoja. Analima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na zizi liko nyuma ya nyumba.

Ng'ombe wake ni zebu, yule wa asili mwenye nundu na pembe fupi. Wataalamu wakizitaja koo za zebu wa Tanzania huwaorodhesha wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, na wa Mkalama wenye rangi ya vumbi, kwa hiyo jina la wilaya hii limo katika vitabu vya mifugo. Ni mnyama mdogo. Akikomaa huwa na kilo 200 hadi 350, hukua polepole, na jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi. Lakini anastahimili kiangazi ambacho ng'ombe wa kisasa hakimalizi.

Muuza duka ana bidhaa rafuni, ana mashine ya kusaga nyuma ya duka, na ana akaunti benki. Ni vitu vitatu vilivyo mahali patatu. Kwa mfugaji vyote vitatu vimo ndani ya ngozi moja:

1. Bidhaa. Ni nyama inayotembea, yenye bei leo.
2. Kiwanda. Jike huzaa na kutoa maziwa, maksai analima, na wote wanatoa samadi.
3. Akiba. Ni fedha zisizoombwa na shemeji kwa urahisi, zinazojiongeza zenyewe mvua ikinyesha.

Muuza duka akiuza sukari, mashine yake haipungui. Mfugaji akiuza jike ameuza bidhaa, ameuza kipande cha kiwanda, na ametoa fedha benki, yote kwa pigo moja. Ndiyo maana bei peke yake haitoshi kumwambia la kufanya.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, aliliona hili jirani tu na Mkalama. Aliishi na Wanyaturu wa Singida mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika kitabu alichokitoa 1970 aliwapinga wenzake waliosema Mwafrika anafuga kwa mapenzi na sifa tu. Wanyaturu, alisema, wanahesabu: nafaka inayobaki hugeuzwa mifugo, na mifugo huzaa faida kama mtaji wowote.

*Kwa ufupi: ng'ombe ni bidhaa, kiwanda na akiba. Ukimuuza, vyote vitatu vinatoka zizini pamoja.*

## Bei ikipanda inasema maneno mawili

Bei ya mchele ikipanda, mwenye mchele anauza. Bei ya ng'ombe ikipanda, mfugaji anasikia sauti mbili. Ya kwanza inasema: uza, hela ipo. Ya pili inasema: kama ng'ombe wana thamani hivi, ndama atakayezaliwa mwakani naye atakuwa na thamani, basi mshike mama yake.

Wakiwa wengi wanaosikiliza sauti ya pili, mitamba haiji mnadani. Mtamba ni jike kijana ambaye hajazaa. Ng'ombe mnadani wanapungua, na bei inazidi kupanda. Baada ya miaka kadhaa mitamba ile imezaa, watoto wake wamekua, makundi yamejaa, malisho yamebana, kila mtu anataka kupunguza, na bei inashuka. Wachumi huuita mwenendo huu mzunguko wa ng'ombe, yaani kupanda na kushuka kwa bei kunakofuata mwendo wa uzazi.

Anayedhani haya ni mambo ya wafugaji wa kijijini na aitazame Marekani. Huko mfugaji ana lori lake, ana mkopo, na anafuata bei kwenye simu kila saa. Baada ya ukame wa miaka kadhaa kuwalazimisha kuuza majike, mwanzoni mwa 2025 walihesabiwa ng'ombe milioni 86.7 nchi nzima, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Bei zikavunja rekodi. Hata hivyo idadi haikurudi kwa kasi, kwa sababu kuijenga upya kunataka mtamba azuiwe asiende machinjioni, na kila anayezuiwa leo anaipunguza nyama ya leo.

Mfugaji wa Texas na mfugaji wa Kinyangiri wanabanwa na kitu kimoja: mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache, na hakuna bei inayoweza kuiharakisha.

## Shida haisubiri mnada mzuri

Hiyo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni ya yule jirani wa Januari, na hapa tunahitaji hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za kubuni, kwa ajili ya kuonyesha njia tu.

Jirani anahitaji Sh 800,000 kabla shule hazijafunguliwa. Ada katika sekondari za serikali ilifutwa kuanzia 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havikufutwa. Nyumbani nako chakula kimeisha, maana Januari ni mwezi wa kupalilia na si wa kuvuna.

| | Juni | Januari |
|---|---|---|
| Maksai mmoja | Sh 900,000 | Sh 550,000 |
| Mtamba mmoja | hakuuzwa | Sh 350,000 |
| Jumla | Sh 900,000 | Sh 900,000 |
| Ng'ombe waliotoka zizini | 1 | 2 |

Fedha ni ileile, na shida ni ileile. Tofauti ni mnyama mmoja, na mnyama huyo ni jike.

Hapa ndipo soko la ng'ombe linapotofautiana na masoko mengi. Mfugaji mwenye shida haulizi auze kiasi gani kulingana na bei. Anaanza na kiasi cha shida, anakigawa kwa bei, na jibu lake ni idadi ya ng'ombe. Bei ikiwa kubwa, mmoja anatosha na wengine wanabaki. Bei ikianguka, wanatoka wawili au watatu. Na kwa kuwa Januari haimbani yeye peke yake, vijiji vyote vinatoa wawili badala ya mmoja, mnada unafurika, na bei inashuka tena. Mtu wa mbali akitazama anasema wafugaji hawa wanafanya mambo kinyume. Ukweli ni kwamba kila mmoja amepiga hesabu sahihi kwa siku ile.

Jambo jingine ni kwamba ng'ombe hagawanyiki. Ukihitaji elfu sabini huwezi kuuza mguu. Ndiyo maana zizi lenye busara lina mbuzi, kondoo na hata kuku: kuku kwa chumvi na sabuni, mbuzi kwa dawa ya hospitali, ng'ombe kwa bati au mahari. Asiyekuwa na mbuzi huvunja noti kubwa kwa deni dogo, na chenji haikai.

Hesabu inayouma zaidi ni ya gunia. Tuseme Juni, baada ya mavuno, gunia la mahindi ni Sh 75,000. Maksai wa Sh 900,000 anakupa magunia 12. Januari gunia limefika Sh 110,000 na maksai ameshuka hadi Sh 550,000, kwa hiyo anakupa magunia 5. Ng'ombe ni yuleyule, umemlisha na kumchunga miezi saba, na amepoteza magunia 7. Wafugaji wazee wanaipima bei namna hii, kwa gunia. Shilingi inaweza kukudanganya, lakini gunia linakwambia nyumba itakula hadi lini.

Ukame huukuza mchezo huu hadi ukawa janga. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 mvua zilipochelewa, mifugo ilikufa kwa makumi ya maelfu huko Simanjiro, mkoa jirani wa Manyara. Katika msimu kama huo kila mtu anakimbiza ng'ombe mnadani kabla hajaanguka, mchuuzi anajua, na bei inakuwa ile ya ngozi. Mvua zikirudi mambo yanageuka kinyume: nyasi zipo, ng'ombe hawapo, na mtamba wa kuanzia upya hashikiki kwa bei. Mtu ameuza kwa bei ya chini na sasa anatakiwa kununua kwa bei ya juu.

*Kwa ufupi: bei ya chini huongeza wauzaji, na wauzaji wengi huishusha bei zaidi. Aliye nje ya msafara huo ni yule ambaye shida yake ililipwa mapema.*

## "Ng'ombe wa maskini hazai"

Methali hii tumeizoea kama maneno ya kulalamikia bahati. Tuisome kama hesabu.

Mtamba yule wa jirani ana miaka miwili na nusu. Angebaki zizini, angezaa akiwa na miaka minne, kisha, kwa mwendo wa kawaida wa ng'ombe wetu kwenye malisho duni, kila baada ya miaka miwili: akiwa na miaka sita, na akiwa na minane. Toa ndama mmoja wa kufa, maana ndigana, kuhara na fisi vipo. Baada ya miaka mitano na nusu zizi lingekuwa na mama, watoto wawili, na pengine mjukuu wa kwanza tumboni, tukiacha maziwa na samadi. Badala yake zizi lilipata Sh 350,000, na fedha hiyo Februari haikuwepo.

Ng'ombe wa maskini hazai kwa sababu maskini humuuza kabla hajazaa. Mwenye ng'ombe 60 akipata shida anatafuta dume, na akikosa dume anatafuta jike zee. Mwenye ng'ombe 5 hana wa kuchagua, anayeonekana amenenepa ndiye anayekwenda, na mara nyingi huyo ni mtamba. Watu wawili wameuza ng'ombe mmoja mmoja siku moja katika mnada mmoja. Mmoja amepunguza mzigo wa malisho, mwenzake ameuza miaka kumi ya mbele.

Kwa hiyo swali la "uuze au usiuze" linaficha swali kubwa kuliko hilo: uuze yupi? Mpangilio ambao wafugaji wazoefu huufuata ni huu:

- Wa kwanza kutoka: jike tasa, jike mkongwe ambaye meno yamekwisha, na dume lisilo la mbegu wala la kulima.
- Wa pili: maksai aliyechoka plau, kabla hajakonda.
- Wa tatu: madume madogo ya ziada.
- Wa mwisho kabisa: mtamba, jike lenye mimba, na jike linalonyonyesha.

Jike mkongwe huwapa watu tabu. Ana historia nyumbani, pengine ndiye aliyeletwa kwa mahari au aliyemnyonyesha mtoto wa kwanza. Lakini anakula nyasi za mtamba, anaoga josho kwa bei ileile, na kila kiangazi kinachopita kinampunguzia kilo. Kumuuza Mei akiwa ameshiba ni kumpa nafasi mjukuu wake. Serikali nayo ikisema "vuneni mifugo", kuvuna maana yake ni kutoa sehemu ya kundi kila mwaka kwa mpango kama mtu anavyovuna shamba, na huyu ndiye anayestahili kuwa mavuno ya kwanza.

## Kutoka zizini hadi bucha

Mtu wa Dar es Salaam akinunua nyama kwa kilo hushangaa kusikia ng'ombe mzima huko Singida ameuzwa kwa bei anayoiona ndogo. Hela inapotelea wapi?

Minada ya mifugo Tanzania ina ngazi. Mnada wa awali uko chini ya halmashauri, karibu na vijiji, na hapo mfugaji huuza kwa wachuuzi. Mnada wa upili uko chini ya wizara yenye dhamana ya mifugo, na ni mahali wachuuzi wanapouziana kwa wingi, kama Kizota mjini Dodoma na Igunga mkoani Tabora. Ipo pia minada ya mpakani, kama Kirumi mkoani Mara. Kwa ng'ombe wa kanda ya kati, safari ndefu huishia Pugu, Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka Singida.

Katika kila ngazi kuna mkono: dalali anayeunganisha watu, ushuru, kibali cha kusafirisha, nauli ya lori, wachungaji wa njiani. Kuna pia mkono usioonekana, kwa kuwa ng'ombe aliyesimama kwenye lori siku nzima bila maji hupungua uzito, na anayenunua Mkalama hukata hasara hiyo mapema kwenye bei anayokutajia.

Kisha kuna hesabu ya bucha. Zebu wa kilo 250 akichinjwa, ukitoa kichwa, ngozi, miguu na matumbo, hubaki mzoga wa kilo 120 hivi pamoja na mifupa. Anayezidisha kilo 250 kwa bei ya bucha na kusema mfugaji ameibiwa amehesabu na kwato.

Hata hivyo, mfugaji anaweza kupunjwa kweli, na hasa pale ng'ombe anapouzwa kwa macho. Mchuuzi anaona mamia kwa mwezi na anakadiria uzito akikosea kidogo tu. Mfugaji anauza watatu kwa mwaka. Penye mizani, mnyama akipimwa kabla ya maneno, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kilo, na hapo wote wawili wanaona kitu kimoja. Pasipo mizani, tembea mnada mzima kwanza, uliza wa kufanana na wako wameuzwa ngapi, ndipo utaje bei.

Jambo jingine ni kujua mnunuzi anataka ng'ombe gani. Zamani kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichoanzishwa Dar es Salaam 1947 kusindika nyama ya makopo, kiliweza kuwatumia ng'ombe wakongwe waliokauka, maana nyama ya kopo haihitaji ulaini. Leo kiwanda kile kimebaki jina la mahali huko Kawe. Machinjio ya kisasa na wanunuzi wa nchi za Ghuba wanataka mnyama kijana, mwenye afya na karatasi zake. Jike mkongwe bado ana soko, ila ni la bucha ya karibu, na bei yake ni ya huko.

*Kwa ufupi: bei ya mnadani ni bei ya bucha iliyokatwa mifupa, nauli, ushuru na hatari za njiani. Kipande unachoweza kukigombea ni kile kinachotokana na kujua uzito na bei za siku.*

## Je, mashudu yanalipa?

Singida ni nchi ya alizeti. Viwanda vya kukamua mafuta vikimaliza kazi huacha mashudu, yaani makapi ya mbegu yaliyobanwa, chakula chenye nguvu kwa ng'ombe. Vijana wengi wameambiwa wanunue maksai waliokonda, wawanenepeshe miezi mitatu, wauze. Inalipa? Tuhesabu tena, kwa tarakimu za mfano.

Maksai wa kilo 220, kwa Sh 3,000 kila kilo ya uzito hai, amenunuliwa Sh 660,000. Kwa siku 90 anakula mashudu kilo 2 kila siku, ambazo ni kilo 180. Kilo ikiwa Sh 600, mashudu ni Sh 108,000. Weka dawa na pumba Sh 20,000. Gharama ni Sh 128,000. Akiongeza kilo 0.6 kwa siku, anafika kilo 274.

- Bei ya kilo ikibaki Sh 3,000, anauzwa Sh 822,000, na faida ni Sh 34,000. Hiyo haimlipi hata mchungaji.
- Bei ikipanda hadi Sh 3,300 kwa kuwa amenona na msimu ni mzuri, anauzwa Sh 904,200, na faida ni Sh 116,200.
- Bei ikishuka hadi Sh 2,600, anauzwa Sh 712,400, na hasara ni Sh 75,600.

Funzo ni kwamba kilo zilizoongezeka zinalipia mashudu tu. Faida inatoka kwenye bei ya kilo siku ya kuuza. Kwa hiyo anayenenepesha anaanzia mwisho: kwanza achague siku ya kuuza, mathalani wiki ya kabla ya Krismasi au Idi, kisha ahesabu siku 90 kurudi nyuma na anunue siku hiyo. Anayenunua kwanza na kutafuta soko baadaye amecheza kamari. Naye ajue kwamba homa ya miguu na midomo ikitangazwa, karantini hufunga mnada, na mashudu yanaendelea kuliwa.

## Uamuzi hufanyika zizini

Ukiyaweka haya yote pamoja, utaona kwamba siku ya mnada ni siku ya kupokea matokeo. Uamuzi wenyewe ulishafanyika miezi mingi nyuma, au haukufanyika. Aliyekuja Januari na tarehe ya shule mfukoni ameshapangiwa bei kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mchuuzi anajua hawezi kuondoka na ng'ombe wake. Aliyekuja Mei hana haraka, na mtu asiye na haraka ana neno moja ambalo mwenzake hana, nalo ni "hapana".

Namna ya kulipata neno hilo ni kuutembeza mwaka kwa kalenda ya hapa:

- Aprili hadi Juni. Nyasi zipo, ng'ombe wameshiba. Pita zizini, chagua wa kutoka, uza. Sehemu ya fedha igeuze kuwa magunia mara tu mavuno yanaposhusha bei.
- Julai na Agosti. Nunua mapema vya Januari: vitambaa vya sare, madaftari, dawa za mifugo. Hifadhi mabua na mashudu.
- Septemba na Oktoba. Punguza wanaoelekea kukonda kabla hawajakonda. Watunze maksai wa plau.
- Novemba hadi Machi. Lima. Shida ndogo zilipwe na mbuzi.

Kikwazo kikubwa kinajulikana: fedha ya Juni haifiki Januari. Ng'ombe hupendwa kama benki kwa sababu noti mfukoni huyeyuka. Dawa yake ni kutoiacha iwe noti. Igeuke gunia, bati, au mbuzi watatu wa kuuzwa mmoja mmoja, na inayobaki iingie kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho hugawana Desemba au Januari. Kikundi cha namna hiyo kinaweza pia kukukopesha laki tatu zikuvushe wiki nne, nawe ukamwokoa mtamba.

Wengine wamejaribu njia pana zaidi. Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ilianzishwa mwaka 2010 bima ya mifugo inayopima ukijani wa malisho kwa picha za setilaiti, na malisho yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Lengo lake ni lilelile la kikundi cha kijijini: mfugaji apate hela siku ambayo, bila hiyo, angemwaga kundi sokoni.

Mwisho, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha: jike gani lilizaa mwezi gani, lipi limekaa miaka mitatu bila ndama, ng'ombe gani aliuzwa siku gani kwa bei gani na gunia siku hiyo lilikuwa ngapi. Baada ya misimu mitatu utakuwa na bei za mnada wako mwenyewe, ambazo hakuna redio inayoweza kukutangazia.

## Muhtasari wa sura

1. Ng'ombe ni bidhaa, kiwanda na akiba kwa pamoja, kwa hiyo bei nzuri si amri ya kuuza.
2. Mwenye shida hugawa shida kwa bei, na bei ikishuka hutoa ng'ombe wengi zaidi.
3. Kuchagua yupi wa kuuza kuna uzito kuliko idadi. Mtamba awe wa mwisho.
4. Pima ng'ombe kwa gunia, si kwa shilingi pekee.
5. Anayenenepesha aanze na tarehe ya kuuza.

Turudi kwa mzee wa Oktoba. Laki nane na nusu ilikuwa bei nzuri, na yeye mwenyewe alikiri. Lakini kwa nini ilikuwa nzuri? Kwa sababu mawingu yalikuwa yanapita, na kila asiyekuwa na maksai alikuwa anamtafuta wa kufunga plau. Mchuuzi alikuwa anamnunulia mtu anayetaka kulima. Mzee naye alikuwa anataka kulima. Kilichopandisha bei ndicho kilichomzuia kuuza.

Hela aliyohitaji mwaka ule aliipata Mei, kwa jike mkongwe na dume moja la ziada, na magunia yake yalikuwa ghalani. Mnadani alikwenda kuulizia bei tu, aiandike. Novemba mvua ilipoanguka, maksai yule alikuwa shambani tangu alfajiri, na jirani alikuja kuomba plau. Alipewa, ila siku ya nne, baada ya mwenye plau kumaliza kulima.